Mcha Machano Kheir, Bata Wake wa Mti, na Habari Iliyochelewa Kumfikia

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatatu ulipoomba maji, ukanywa mafunda mawili, ukasema "yametosha," na kweli yakawa yametosha. Tulidhani mwaka huu hautakwisha. Umekwisha kama inavyokwisha miaka ya watu wote, kwa Ramadhani na Idi mbili, kwa masika na vuli, na kwa mtungi wa gesi uliomalizika mchana wa Idi biriani ikiwa jikoni.

Tunakuandikia sisi wanao, Rahila na Ridhwan. Anayetuamrisha tuandike hiki na tufute kile ni mama yetu, mkeo Bi Kidawa, aliyekaa ukingoni mwa kitanda na miwani yako usoni. Anasema yake haioni vizuri. Tunamjua, hatumbishii.

Tuna habari ya kukupa, na ndiyo sababu hasa ya kuandika. Ni habari uliyoondoka bila kuijua, na Mama ameipata wiki iliyopita tu. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayerukia kazi bila matayarisho ataifanya mara mbili, basi tustahamilie, tutafika.

Ulikuwa mchonga milango. Karakana yako ilikuwa uani, hapa hapa Ng'ambo, chini ya mabati manne, na vumbi la mvule lilitufuata mpaka kwenye vikombe vya chai. Milango yako iko Mji Mkongwe, mingine kwenye nyumba za watu, mingine kwenye hoteli, na wageni husimama mbele yake kupiga picha bila kujua kwamba aliyeichonga alikuwa akiimba vibaya. Hukuwahi kununa kwa kutojulikana. Ulisema mlango unatakiwa ufunguke na ufungike, na jina si bawaba.

Nani mtaani hapa hakulalia kitanda ulichokikaza wewe? Jeneza la msikiti wetu lilipoanza kulegea ulilichukua, ukalirudisha baada ya siku mbili, ukakataa malipo, ukamwambia imamu kwamba ipo siku utapanda bure. Mwaka jana ulipanda. Mbao hazikulia hata moja njia nzima, na waliokubeba walilisema hilo.

Lakini kilichokuamsha kabla ya adhana bila kuamshwa na mtu kilikuwa bata.

Mambo hayo yaliletwa na Mjomba Jecha, kaka yake Mama. Kwa wasiomjua, Mjomba Jecha alikuwa mchinjaji, mtu aliyeitwa kwenye harusi na akika kutoka Kikwajuni hadi Fuoni kwa sababu mkono wake mwepesi na kisu chake hakimtesi mnyama. Alikuwa pia na bunduki ya marisau aliyorithi kwa baba yao, na kibali chake amekifunga kwenye plastiki. Kila mpunga wa Cheju ulipoanza kubeba, bata mwitu walishuka bondeni kwa makundi, na wakulima wakawaita wasasi. Jecha na wenzake wanane walikwenda Jumapili alfajiri, wakalala matopeni mpaka jua likawachoma visogo, wakarudi na bata wawili na mafua.

Siku moja ulikwenda nao, kwa kuchukua birika la chai tu. Uliporudi ulimwambia Mama, "Wenzetu wale wanangojea bata awafuate wao. Bata atamfuata bata mwenziwe." Kesho yake mlango wa watu ukawekwa pembeni, na gogo la mti likapanda mezani.

Bata wako wa kwanza, Mungu akusamehe, walikuwa wamepambwa kama sanduku la bibi harusi. Mkono wako wa milango ulikataa kutulia. Ukawatilia maua kwenye mbawa, ukawazungushia mnyororo shingoni kama ule wa kwenye fremu, ukawapaka vanishi mpaka ukiwainamia unajiona ndevu. Bata mwitu walikuja, wakazunguka juu yao mara moja, wakaenda zao. Jecha alilala chali kwenye matope kwa kucheka. "Shemeji," alikwambia, "wenzao wameona hapa pana harusi, na wao hawakualikwa."

Mwengine angeacha. Wewe ulikwenda Cheju Alhamisi mbili mfululizo, bila bunduki, bila mtu, ukakaa kutazama bata wanavyokaa. Uliporudi ukaacha mvule, ukachukua msufi, mti mwepesi unaoelea bila kubembelezwa. Ukaacha maua. Ukaacha vanishi, ukachanganya rangi na masizi ya sufuria za Mama ili ising'ae, na Mama akapiga kelele kwa ajili ya sufuria zake, na kelele zile ukazizoea kama ulivyozoea nyundo.

Jumapili ya kwanza ya bata wale wapya, kundi zima lilishuka katikati yao, na mmoja, kwa maelezo yako, alimsogelea bata wa mti kama anayemuuliza habari za nyumbani. Ulisimulia kisa hicho miaka kumi. Kila mwaka bata yule alisogea karibu zaidi, na mwaka wa mwisho nusura wasalimiane.

Watu walikuuliza siri ni nini, nawe hukuwa mchoyo. Bata hashuki kwa njaa, ulisema, kwa sababu msimu huo chakula kiko kila mahali. Anashuka kwa kuwa ameona wenzake wametulia. Mtu aliye na safari yake akipita mbele ya baraza yenye watu wanaocheka, naye atasimama kidogo. Basi usiwapange bata safu moja kama askari. Waelekeze wote kwenye upepo, na acha uwanja katikati, kwa sababu mgeni asiyeona nafasi ya kukaa hapigi hodi. Na katika kila kumi na wawili, wawili wawe wamelala, kichwa mgongoni. "Anayekula anaweza kuwa mjinga," ulituambia. "Anayelala ndiye anayetoa dhamana."

Rahila alipokuuliza kama huo si uongo, ulifikiri kweli kweli, patasi mkononi. Ukasema bata wa mti hajasema neno lolote, basi mwongo ni wewe peke yako, na siku sita zinazobaki za wiki utajitahidi kusema kweli. Ulijitahidi, Baba. Tunakushuhudia.

Tunakushukuru kwa Jumamosi zile za matayarisho. Tulizipenda kuliko Jumapili zenyewe, ambazo sisi hatukwenda. Baada ya alasiri bata walitolewa guniani na kupangwa uani. Ridhwan alikagua kamba, moja moja, na chubwi la risasi chini ya kila kamba, ili bata asichukuliwe na maji. Rahila alitia nukta za macho zilizofutika, na ulimkataza asiyapendezeshe. Mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa ajili ya Mjomba Jecha, ambaye Jumamosi hakuwa na kwao. Mlikula sinia moja. Alikutania milango yako, ukamtania bunduki yake, akakuita mkata kuni, ukamwita mtafuta mafua. Mkaulizana nani amebeba nini. Kofia nyeupe zibaki nyumbani, saa inayong'aa ibaki nyumbani, na mwenye kikohozi abaki nacho.

Na mwisho wa kula, mkubwa wenu Mzee Wakil alipopita kuhakikisha, alirudia sharti la wasasi, na nyote mkalijibu "naam" kama watoto wa chuoni. Mbele ya mtutu hakuna utani. Anayefanya mchezo bunduki zikiwa zimejazwa anatoka kundini siku hiyo hiyo, na harudi.

Sasa tumefika pale ambapo Mama ameishika kalamu mwenyewe, kisha akairudisha.

Miaka saba iliyopita Mjomba Jecha alikaa kwenye sinia ile akajisifu kwamba bata wako wanawadanganya bata tu. Yeye jicho lake ni la mchinjaji, halidanganyiki, bata wa mti anamjua kwa mbali kabla hajamaliza kusugua macho. Ulicheka. Tuliona ulivyocheka, na Mama alikwambia, "Baba Rahila, liache." Hukuliacha. Wiki ile ulichonga bata wa peke yake, amelala ubavu, bawa moja juu, kama aliyepigwa risasi akabaki na roho. Ukamficha chini ya magunia, hata Ridhwan hakumwona.

Alfajiri ya Jumapili, kabla wenzako hawajatulia kwenye maficho yao ya makuti, uliwaambia unakwenda kuwapanga bata. Ulipomaliza hukurudi. Bata wa ubavu ulimweka nje ya kundi, ukafunga uzi wa kuvulia shingoni mwake, ukaingia nao kwenye matete na kukaa humo, maji kiunoni. Kundi likashuka. Jecha akapiga. Bata wakaruka, na katika kiza kile chepesi akaona mmoja amebaki anahangaika majini, bawa linapanda na kushuka.

Msasi Muislamu anajua hapo afanye nini. Bata aliyebaki na roho lazima awahiwe achinjwe, asije akafa akawa nyamafu. Mjomba Jecha aliitua bunduki, akachomoa kisu, akakimbia majini mpaka mapajani. Akamshika bata, akamwelekeza kibla, akasema "Bismillahi Allahu Akbar" kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, akapitisha kisu. Kisu kikakwama kwenye msufi.

Wanaume wanane walimwona. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Jecha alibaki amesimama majini, anatetemeka, na wote waliona ni aibu. Wewe ulizunguka kwa nyuma ya matete, ukatokea upande mwengine kama aliyekuwa amechutama kwa haja zake, ukauliza kulikoni, ukaambiwa. Wakasema bata wako mmoja kapinduliwa na upepo, na mchinjaji wa mji mzima kamchinja. Na wewe, Baba yetu mpenzi, badala ya kusema neno moja, ulicheka kuliko wote.

Habari ilifika baraza za Ng'ambo kabla Mjomba hajavua viatu vya matope. Wakamwita Mchinja Mbao. Yeye hakujibu mtu. Wiki ile ile aliirudisha bunduki kwa wanaohusika, na hakukanyaga tena Cheju wala kwetu. Mwezi uliofuata aliitwa kwenye harusi, na mtu mmoja mwenye ulimi akamwambia, mbele ya ng'ombe aliyekwisha kulazwa, "Mkague kwanza, isije ikawa fenicha." Mjomba alikifuta kisu, akakirudisha kwenye ala yake, akaondoka. Tangu siku hiyo hakumchinjia mtu shughuli yoyote.

Jumamosi zikawa na sinia kubwa na watu wachache. Hukulisema, lakini ulikuwa ukiinua kichwa kila mlango ulipogongwa. Kila Idi ulisema utakwenda kwake Michenzani, ukavaa kanzu, ukatoka, ukarudi na kashata. Mama hakukuuliza. Alidhani ndugu yake ndiye mwenye kununa, na kwamba mzaha wa upepo si kosa la mtu.

Mwezi wako wa mwisho, ulipokuwa huwezi kushika patasi, ulimwita akakaa karibu. "Kidawa," ulimwambia, "yule bata hakupinduka. Mie n'livuta uzi. Mwambie kaka yako." Ukamweleza yote, matete na maji kiunoni. Ukasema ulipovuta mara ya mwisho uzi ulikuja mwepesi, umekatika, huenda ni marisau, na ukaona Mungu kakusitiri, basi na wewe ukajisitiri. "Mungu anasamehe yake," ulisema. "Haki ya mja haisameheki mpaka mwenyewe aseme. Na mie sina tena miguu ya kwenda."

Mama alikuahidi. Kisha ikafika Jumatatu ile ukaomba maji, na yaliyofuata yanajulikana.

Mjomba Jecha alikuja mazikoni. Alitia mchanga kama wengine, mara tatu, akaondoka kabla dua haijakwisha. Na Mama, mwanamke asiyemwogopa muuza samaki wala daktari, aliogopa. Kwanza alikuwa eda. Eda ilipokwisha alisema miguu inamvimba. Miguu ilipopoa alisema Ramadhani si mwezi wa kufukua mambo. Ukweli ni kwamba alihofia kulichafua jina lako kwa mtu pekee ambaye angekuwa na haki ya kulichafua zaidi. Na alihofia, akisema, atakosa vyote viwili, radhi ya marehemu wake na ndugu yake. Sisi hatukujua kitu. Tulimwona tu akimaliza kila sala kwa dua ndefu kupita kawaida.

Hitma yako ya mwaka ilipokaribia, akaona siku zimemfikia. Hawezi kuwaita watu wakuombee maghufira na huku ufunguo wa maghufira kaukalia yeye. Jumanne iliyopita alivaa buibui, akatuambia anakwenda sokoni, akapita soko bila kulitazama, akapanda ngazi za Michenzani mpaka ghorofa ya tatu. Alipumzika kila kituo, si kwa magoti tu.

Bi Biasha, mke wa Mjomba, alimfungulia, akamkumbatia, akaenda jikoni akakaa huko kwa hekima. Mjomba alikuwa dirishani, kwenye kiti cha plastiki, anamenya chungwa, ganda refu halikatiki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Kidawa. Karibu ukae."

"Nna ujumbe wako. Nnao mwaka mzima, nimeukalia."

"Wa nani?"

"Wa Baba Rahila."

Kisu kikasimama kwenye chungwa. Mama anasema hapo ndipo alipotaka kuondoka, na kilichomzuia ni ngazi.

"Kasema nikwambie, yule bata hakupinduliwa na upepo. Kamtega yeye. Kakaa matete, kavuta uzi yeye. Na kakucheka na hali anajua."

Mjomba alikichomoa kisu, akakifuta. Kisha akasema, "N'lijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. N'lipomshika shingo n'liuona uzi. Nkaufuata kwa macho, nkaona unaingia wapi." Akaliweka chungwa dirishani. "Kidawa, mie n'lipiga upande ule ule. Marisau yalipita juu ya yale matete, dhiraa mbili, hazikufika tatu. Angenyanyuka kidogo tu, ungekuwa mjane kwa mkono wangu. Watu waliona natetemeka, wakadhani aibu. Nkawaacha wadhani."

Hili wewe hukumwambia, Baba, na tunaamini wewe mwenyewe hukulipima. Ulikuwa umechutama, unauma midomo usicheke.

"Alisema uzi ulikatwa na marisau," Mama alimwambia.

"Marisau gani yakate uzi mmoja ndani ya maji? N'liukata mie, kwa kisu kile kile. Nkaukanyagia matopeni. Mzee Wakil angeuona, angejua shemeji alikuwa wapi, na siku ile ile angemtoa kundini. Bata wake wangebaki kuni. Ile ndiyo ilikuwa furaha yake, mie n'naijua kuliko nyie. Nkasema bora wanicheke."

"Na bunduki?"

"N'liirudisha kwa sababu kila nkiishika nayaona matete."

"Mbona hukusema, kaka? Miaka yote hii?"

"N'limngojea aje yeye. Sikutaka maneno mengi wala kuombwa msamaha mbele ya watu. Aje aseme tu, 'Jecha, ni mie.' Tungelicheka pamoja na yangekwisha siku ile. Nimembebea kicheko kile, kisha nageuka namwona yeye ndiye anayecheka kwa sauti. Hilo ndilo lililoniuma. Bata hakuniuma."

Mama alilia, na anatuambia hakulia hivyo hata siku ya tatu ya msiba wako. Akavuta pumzi, akasema aliyokwenda kuyasema. "Basi namwombea radhi. Kanituma mie kwa kuwa hakuwa na miguu. Msamehe, kaka, kama hukumsamehe."

"N'shamsamehe," Mjomba alisema. "N'limsamehe kwenye mchanga wa kwanza. Mchanga wa pili na wa tatu n'likuwa najililia mwenyewe." Akamwita Bi Biasha alete chai, na chungwa lile akamgawia Mama nusu.

Hiyo ndiyo habari yetu, Baba. Uzi haukukatwa na marisau. Siku uliyodhani Mungu kakusitiri, alikusitiri kweli, kwa mkono wa mtu uliyekuwa unamcheka. Na mwenye haki ameitamka radhi kwa ulimi wake, Mama akiwa anasikia na mke wake akiwa shahidi kutoka jikoni. Tuliichelewesha mwaka mzima na tunakuomba msamaha kwa hilo. Mwenyezi Mungu aikubali.

Tunalichapisha hili kwa sababu Mama anasema kicheko kile kilikwenda baraza hadi baraza, basi na kweli ipite njia hizo hizo. Walioliimba jina la Mchinja Mbao wasome wajue walikuwa wanamcheka mtu aliyekuwa anamlinda mwenziwe. Tulimwendea Mzee Wakil kwanza, kwa adabu. Alisikiliza, akasema sharti ni sharti na angelikutoa. Kisha akasema bata wako kumi na wawili walioko guniani waendelee kwenda Cheju, na Ridhwan awapange, kwa kuwa hakuna mwengine anayekumbuka kuacha uwanja katikati. Na Ridhwan alipowapanga Jumapili, bata walishuka.

Tunawashukuru wote waliotushika mkono mwaka huu na siku zako za mwisho. Wakulima wa Cheju walitubebea mchele mpya kichwani mpaka mlangoni. Mafundi wenzako waliimaliza milango mitatu uliyoiacha nusu, wakaichonga kwa mkono wako na si kwa wao, na waliokujua hawakuona pa kuunganishia. Wauguzi walikuchekea utani wako hata ulipokuwa haueleweki. Jirani yetu Bi Fathiya anapika zaidi kila Jumamosi, anasema ni bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo imemtokea Jumamosi hamsini. Zaidi ya wote tunamshukuru Mungu kwa kutupa baba aliyefanya kosa moja kubwa na akafa linamuuma. Tumewaona wanaokufa na mengi, na wamelala usingizi mzuri.

Hitma yako itasomwa Jumapili hii baada ya adhuhuri, hapa nyumbani. Mbuzi ni wawili. Tulipokuwa tunashauriana tumwite nani kuchinja, Mama alitutazama kwa miwani yako mpaka tukanyamaza. Mjomba Jecha amekwisha kuja kuwatazama wale mbuzi. Amesema ni mbuzi.

Jana jioni, baada ya kuwatazama, aliingia ndani kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, akakaa pale pale, mgongo kwenye kabati, tukamsomea haya maandishi tangu mwanzo. Alicheka kwenye bata wa harusi. Kwenye uzi alitazama chini. Tulipofika kwenye majina akauliza, "Na mie mmeniandika wapi?" Rahila akamwambia ameandikwa pamoja na mashemeji. Mjomba akatikisa kichwa. "Mashemeji anao wengi," alisema. "Niwekeni mwisho, peke yangu. Na neno langu mliandike kama nnavyolisema, msilitengeneze."

Unakumbukwa, Baba, na mkeo Bi Kidawa, anayekutaka umwie radhi kwa mwaka huu mmoja. Na wanao Rahila na Ridhwan. Na mkweo Hafiz. Na mjukuu wako Khairat, anayelala na bata mmoja wa mti na hakubali kuambiwa si bata. Na dada zako wa Nungwi. Na wasasi wote na Mzee Wakil. Na mafundi wa karakana. Na majirani wa Ng'ambo.

Tutakukumbuka siku zote za uhai wetu, na wa mwisho kwenye orodha hii anakukumbuka hivi:

"Mie Jecha. Kutoka kwangu hadi kwako ni dakika kumi kwa mguu, shemeji, na miaka yote ile na mie n'likuwa na miguu. Niwie radhi."